Kahawa ya Mwenye Watoto: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, nyumbani kwetu hakuna anayeweza kusimama jikoni. Mmoja anatafuta soksi, mwenzake ndiyo kwanza anakumbuka kwamba leo wameambiwa wapeleke fagio shuleni, na gari la shule halisubiri. Mtu mzima naye anataka kahawa yake. Akiuliza aipike vipi, anajibiwa mengi, na nusu ya hayo si kweli.

"Mwenye watoto achague njia ya haraka."

Hili ndilo linalotupoteza wengi. Usihesabu dakika za kahawa kuwa tayari. Hesabu zile ambazo inakutaka wewe uwe pale. Birika la moka, lile ambalo maji ya chini yakichemka hupanda juu yakipitia kwenye kahawa, aliloanza kuliuza Mwitaliano Alfonso Bialetti mwaka 1933, linafaa kwenye jiko la gesi na halichukui muda. Lakini lina wivu: kahawa ikianza kupanda juu ni lazima uwepo uzime moto, na dakika hiyohiyo ndiyo mtoto anaita kutoka chooni. Nimeunguza mara nyingi kiasi cha kulihamishia Jumapili.

Jagi la kubonyeza, lile la kioo lenye kichujio cha waya kwenye kifuniko, ni pole zaidi ingawa huchukua dakika nne. Mimina maji, funika, nenda kafunge vifungo vya shati. Ukichelewa dakika mbili hakuna kilichoharibika. Ukishabonyeza tu, usiiache humo ikikaa na mashapo, maana itazidi kuwa chungu. Ihamishie kwenye chupa ya chai, tena ile isiyowekwa chai ya maziwa, kwa sababu harufu ile haitoki hata uisugue vipi.

"Kahawa nzuri inataka mashine."

Mwaka 1908, Melitta Bentz, mama wa watoto huko Dresden, Ujerumani, alichoshwa na mashapo kwenye kikombe. Akatoboa chombo kwa msumari, akatandika ndani karatasi ya kukaushia wino aliyoichomoa kwenye daftari la mwanawe, akachuja. Vichujio vya karatasi vya leo vimeanzia hapo.

Wewe sufuria unayo, chujio la chai unalo. Chemsha maji, zima jiko, ngoja nusu dakika, tia kahawa, koroga, funika dakika nne, chuja. Kipimo ni gramu 60 kwa lita moja ya maji, yaani kama gramu 15 kwa kikombe cha robo lita, ambazo ni karibu vijiko vitatu vya chakula visivyo na mlima. Wengi hutia kimoja, kisha huilaumu kahawa. Dukani omba iliyosagwa chenga. Ikiwa unga itapita kwenye chujio. Na umeme ukikatika au luku ikiisha, sufuria haina habari.

"Iache ichemke, ndipo iive."

Hiyo ni tabia tuliyoitoa kwenye chai ya maziwa. Kahawa ya kusaga ikitokota muda mrefu hutoa uchungu na kupoteza harufu. Kahawa ya barazani huko pwani kweli huchemshwa, lakini ile inanywewa kwenye vikombe vidogo, aghalabu na tangawizi au hiliki, kashata iko mkononi, na anayeinywa hana gari la shule la kukimbilia.

"Ya kopo si kahawa."

Ni kahawa. Imepikwa kiwandani ikakaushwa, basi. Kiwanda cha Tanica kule Bukoba kinaitengeneza kwa miaka mingi. Ladha yake haifikii iliyosagwa karibuni, lakini asubuhi ambayo mtoto ameamka na homa, mimi sina aibu nayo.

"Chungu zaidi, nguvu zaidi."

Uchungu mwingi hutokana na kukaangwa sana au kupikwa vibaya, si kafeini, ile inayofukuza usingizi. Aina ya buni ndiyo yenye uzito: robusta, inayolimwa sana Kagera, ina kafeini karibu maradufu ya arabika ya Kilimanjaro au Mbinga. Kiasi nacho kinahesabika. Kikombe kidogo cha espreso, ile kahawa nzito ya mashine, kina wastani wa miligramu 60 hivi, wakati kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja kinakaribia 95. Kwa mjamzito na anayenyonyesha, wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya wanashauri isizidi miligramu 200 kwa siku nzima. Vikombe viwili vikubwa, umefika.

Kuna jambo halisemwi sana: kikombe cha moto kinaweza kumuunguza mtoto hata robo saa baada ya kumiminwa. Ndiyo maana kwetu kahawa hukaa kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na ukingo wa meza.

"Lazima ipikwe asubuhi."

Jioni, watoto wakishalala, tia gramu 100 za kahawa ya chenga kwenye lita moja ya maji baridi, funika, weka kwenye friji. Ikishakaa muda wa saa 12, ichuje. Ni nzito, kwa hiyo iongezee maji au maziwa. Asubuhi huwashi chochote. Ila andika jina kwenye chupa: kwetu mgeni alijimiminia bilauri nzima akidhani ni juisi ya ukwaju, akaikata nusu kabla uso haujabadilika.