Pikosekunde 10 za leza hazinitishi

Nimeletewa tena mchoro ule ule: mlima mwembamba wa vipimo, na chini yake maandishi ya furaha kwamba kigunduzi cha chembe kimefikia usahihi wa muda wa pikosekunde 10 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Mmepima kwa kutumia nini? Leza. Basi mmepima elektroniki zenu, hongereni.

Mpigo wa leza ya infraredi huacha chaji ile ile, kwa mpangilio ule ule, kila mara. Chembe haina adabu hiyo. Ikipita kwenye LGAD, kigunduzi cha silikoni chenye tabaka la kuzidisha chaji, yenye unene wa maikromita 50, inang'oa elektroni nyingi hapa, chache pale, na chembe inayofuata ina mpangilio wake. Elektroni husafiri kama maikromita 100 kwa nanosekunde, kwa hiyo zilizozaliwa mbali na tabaka la kuzidisha chaji hulifikia karibu nusu nanosekunde baada ya zile za jirani. Mara ishara inapanda mapema, mara inajikokota.

"Lakini tunasahihisha kwa ukubwa wa ishara!" Sawa, na kusoma muda kwenye asilimia fulani ya kilele kunaondoa tatizo la ishara kubwa kuvuka kizingiti mapema kuliko ndogo. Ila ishara mbili zenye vilele sawa zinaweza kupanda kwa njia tofauti, na hapo asilimia yenu ni kipofu. Kupandisha volti hupunguza athari ya kelele. Mabonge ya chaji, yaani zile elektroni nyingi hapa na chache pale, yanabaki palepale. Kwa unene huo, mabonge peke yake hula kama pikosekunde 25 hadi 30. Jumlisha hiyo 30 na ile 10 ya leza kwa miraba, kisha chukua mzizi: 31.6. Hangaika mpaka ile 10 iwe 5, unapata 30.4. Anayetaka kushuka zaidi apunguze unene, akijua ishara nayo itapungua, au ahamie vigunduzi vya 3D, ambavyo elektrodi zake zimezama ndani ya silikoni.

Leza ina kazi yake: kuchora ramani ya pikseli, vile vipande vidogo vya kigunduzi, na kupima pengo kati yake, ambako uzidishaji hufifia. Kwa muda, tumia chanzo cha mionzi cha strontiamu-90 au nenda kwenye mwale wa chembe, kama ule wa kichapuzi cha SPS pale maabara ya CERN. Panga vigunduzi vitatu, chukua tofauti tatu za muda, na kila kimoja kitatoa namba yake, mradi makosa yao hayahusiani. Vyote vikisomwa na oskiloskopu moja, siapi kwamba hayahusiani.

Wala siipendi kauli ya "leza sawa na chembe moja", yaani mpigo uliopimwa utoe chaji kama ya chembe moja, ingawa naiandika. Mwanga ukibanwa kwenye doa dogo, chaji husongamana na kupunguza uzidishaji wenyewe, kwa hiyo usawa huo una walakini. Halafu kuna mkia wa mlima, vile vipimo vilivyotawanyika mbali na kilele: ukiukata, namba inashuka, na sijaona kanuni ya mahali pa kukata iliyoniridhisha. Mkinitumia mchoro mwingine, leteni na mkia wake.