Redio na Spika Kwenye Boti Ndogo: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Umeme Wake

Wengi wanaofunga redio na spika kwenye boti hutumia ujuzi walioupata kwenye magari, na kwa kuwa betri za pande zote mbili ni za volti 12, redio huwaka siku ya kwanza na kazi huonekana imekamilika. Gari likiishiwa umeme, dereva husimama kando ya barabara. Boti ikiishiwa umeme, injini haiwaki, pampu ya ngama (sehemu ya chini ya boti maji yanapojikusanya) haitoi maji na taa za usiku hazionekani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza muziki utasikika kwa nguvu kiasi gani, ni lazima ijulikane umeme wake utatoka wapi.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba betri moja inatosha, mradi iwe kubwa. Betri ya kuwashia injini imeundwa ili itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache kisha ichajiwe mara moja. Ikinyonywa polepole kwa saa nyingi, tena mara kwa mara, huchakaa mapema. Muziki unahitaji betri ya pili, ya aina inayostahimili kushushwa sana, na hata hiyo, kama ni ya risasi na asidi, ni vyema isishuke chini ya nusu ili idumu. Betri ya ampea-saa 100 (yaani inayoweza kutoa, kwa mfano, ampea 5 kwa saa 20) kwa hiyo ina takriban 50 tu za kutumia, na mfumo unaovuta wastani wa ampea 8 utazimaliza kwa saa zipatazo 6. Ikiwa imetulia bila kutumika wala kuchajiwa, betri ya aina hii husoma karibu volti 12.7 ikiwa imejaa na karibu 12.2 ikiwa nusu. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuonekana kwa kutazama mwanga wa taa, ndiyo maana mita ya volti karibu na usukani ina thamani kubwa kuliko spika ya ziada. Betri hizo mbili zikiunganishwa kwa rilei inayohisi volti, yaani swichi inayojifunga na kujifungua yenyewe, alteneta, jenereta inayozungushwa na injini, huzichaji zote injini inapozunguka. Injini ikizimwa na volti kushuka, rilei huachia, na muziki hauwezi tena kuigusa betri ya kuwashia. Pampu ya ngama inayojiwasha yenyewe iwe na waya na fyuzi yake pekee, na redio isidandie waya huo hata kama unapita jirani kabisa.

Wapo wanaoamini kuwa redio iliyozimwa haili umeme. Redio nyingi zina waya wa manjano unaotunza kumbukumbu ya saa na stesheni, nao huvuta mkondo muda wote. Miliampea 10 zinaonekana si kitu, lakini kwa siku 30 zinafikia ampea-saa 7 hivi, na boti iliyofungwa gatini miezi mitatu itakuwa imepoteza zaidi ya 20. Waya huo upitishwe kwenye swichi inayokata kila kitu. Kupoteza stesheni zilizohifadhiwa ni hasara ndogo.

Kuhusu fyuzi, kosa lililozoeleka ni la hatari, nami naona ndilo linalostahili kurekebishwa kabla ya mengine yote. Husemwa kuwa fyuzi iliyo nyuma ya redio inatosha. Fyuzi hiyo inailinda redio peke yake. Chukua waya mwekundu unaotoka kwenye betri na kupita mita 4 chini ya sakafu: ukisuguliwa na ukingo wa chuma hadi ganda lake lipasuke na kugusana na waya hasi, betri itamwaga mamia ya ampea kwenye waya huo, na fyuzi ya redio, iliyo upande wa mbali, haitapitiwa na mkondo huo hata kidogo. Waya utawaka moto. Kiwango cha E-11 cha ABYC, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya ufundi wa boti, kinataka fyuzi au kinga ya aina hiyo iwe ndani ya inchi 7, yaani kama sentimita 18, kutoka kwenye chanzo cha umeme, isipokuwa katika hali chache kama vile waya uliowekewa ganda la ziada. Ukubwa wa fyuzi hiyo nao hufuata uwezo wa waya, wala si idadi ya wati zilizoandikwa kwenye kasha la amplifaya.

Unene wa waya nao hukisiwa tu. Redio ikiwa mita 5 kutoka kwenye betri, umeme husafiri mita 10, kwenda na kurudi. Ampea 10 kwenye waya wa milimita za mraba 1.5 hupoteza takriban volti 1.2, ilhali kwenye waya wa 6 hupoteza 0.3 tu. Sauti inayokatika besi inapogonga mara nyingi husababishwa na upungufu huo, si ubovu wa spika. Waya wenyewe uwe wa nyuzi nyingi za shaba iliyopakwa bati, kwa sababu shaba tupu huingiwa na kutu ya kijani ndani ya ganda mahali ambapo macho hayafiki. Viungo vibanwe kwa koleo maalumu na kufunikwa kwa mpira wenye gundi unaonywea kwa joto. Kiungo kilichoshikwa kwa risasi ya kulehemu pekee huwa kigumu, na mtikisiko huukata waya pale ugumu unapoishia.

Kurudisha umeme kupitia bodi, kama ilivyo kwenye gari, hakufai. Fibaglasi na mbao hazipitishi umeme, na bodi ya alumini ikipitishiwa mkondo huo huweza kuliwa haraka na kutu. Waya hasi urudi hadi kwenye bamba la hasi la betri.

Alama ya IPX7, ya kinga dhidi ya maji, humaanisha kifaa kilistahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Haithibitishi lolote kuhusu jua, chumvi au maji yanayorushwa kwa kasi. Mara nyingi uso wa redio ndio wenye kinga, huku plagi za nyuma zikiwa wazi.

Jambo linalosahaulika kabisa ni dira. Spika ina sumaku, na ikifungwa karibu na usukani huipotosha sindano bila mtu kuhisi. Kabla ya kutoboa tundu lolote, shika spika mahali inapokusudiwa kukaa huku mwenzako akitazama dira. Sindano ikisogea hata kidogo, isogeze spika mbali hadi sindano itulie, kisha rudia jaribio redio ikiwa imewashwa, kwa kuwa nyaya za umeme nazo huipotosha dira zisiposokotwa pamoja, chanya na hasi.