"Kura ni siri yangu": wapiga kura walituambia nini siku za mwisho za 2022

Juu kazi yangu ni utafiti wa maoni, bado watu wananiuliza, kwani uchaguzi wa rais Kenya wa 2022 nyinyi watu wa kura za maoni mlikuwa wapi, mbona mlisema Raila Odinga anaongoza halafu pale Bomas, kituo cha kujumlisha kura, akatangazwa William Ruto. Nimelijibu hilo swali kwa mdomo sana, sasa wacha niliandike vizuri, juu jibu lake kwa maoni yangu haliko sana kwa hesabu za sampuli, liko kwa venye wananchi walikuwa wanajibu zile wiki za mwisho kabla ya Agosti 9, na 2027 ndio hiyo inakuja.

Tuanze na namba zenyewe. Sheria ya Kenya ya 2012 inakataza kuchapisha kura ya maoni siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi, kwa hivyo zile kubwa za mwisho zilitoka mwanzo wa Agosti. Kati ya kampuni za utafiti, Ipsos walimpa Raila karibu 47 na Ruto 41, Infotrak wakampa Raila 49 na Ruto arobaini na kitu, TIFA karibu 47 kwa 44. Sasa zipange kando ya matokeo rasmi, Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85. Umeona? Watu wanasema tulimpendelea Raila, lakini namba yake ilikuwa karibu sana na alichopata, Infotrak hata hawakumkosa nusu pointi. Aliyekosewa ni Ruto, na alikosewa pointi sita hadi tisa na zaidi. Hizo pointi hazikutoka hewani siku ya kura. Zilikuwa ndani ya data yetu tangu mwanzo, zimekaa kwa ule mstari wa chini ambao magazeti huwa hayaupi kichwa cha habari: "sijaamua" na "siwezi kusema".

Wengi wakisoma "sijaamua" wanafikiria ni mtu amekaa nyumbani anapima sera za huyu na za yule. Wapo hao, lakini wiki ya mwisho ni wachache sana. Uchaguzi ambao watu wamekuwa wakiubishania kwa base, kwa matatu, kwa kanisa, kwa grupu ya WhatsApp ya ukoo, tangu ile handisheki ya Uhuru na Raila ya Machi 2018, mtu mzima hawezi kufika Agosti 2022 bado hana mtu wake moyoni. Anaye. Ni wewe tu hataki kukwambia.

Na ukitaka kujua kwa nini, nenda Mlima Kenya ya wakati ule. Rais aliye madarakani ni mtoto wa nyumbani, Uhuru Kenyatta, na amewaambia watu wake wampigie Raila, mtu ambaye chaguzi mbili nyuma alikuwa amewaambia wamkatae. Mgombea mwenza wa Raila ni Martha Karua wa Kirinyaga, wa Ruto ni Rigathi Gachagua wa Nyeri. Upande wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, unalalamika hadharani kwamba machifu wanatumiwa kufanyia kampeni Azimio, muungano wa Raila. Sasa wewe uko Murang'a, simu inalia namba huijui, sauti ya Nairobi inakuuliza jina lako, kata yako, umri wako, halafu "kama uchaguzi ungefanyika leo ungempigia nani?" Kweli wewe ungejibu? Wengi walikuwa wanauliza kwanza, namba yangu umetoa wapi? Mwingine anasema kura ni siri yangu. Mwingine anacheka kidogo, anasema tutajua debeni. Halafu kuna wale mama ambao unasikia kabisa simu iko kwa spika na kuna mwanaume nyuma anakohoa, huyo hata akikutajia jina, hilo jina usilitegemee sana.

Debe likafunguliwa, Kiambu peke yake Ruto akachukua zaidi ya asilimia 70.

Kuna nadharia maarufu ya Elisabeth Noelle-Neumann wa Ujerumani, ya miaka ya 1970, kwamba mtu akihisi maoni yake ni ya wachache ananyamaza, na akinyamaza wenzake wanaona wao ni wachache zaidi, nao wananyamaza. Nimeisoma na naiheshimu, ila kwa Kenya ya 2022 naona haikai sawa. Wale watu wa Nyeri na Murang'a hawakunyamaza juu walijiona wachache, walijua vizuri sana ni wengi, kijijini walikuwa wanaongea waziwazi sokoni na kwa steji ya boda. Walinyamazia mgeni. Walinyamazia simu, na mtu yeyote anayefanana na serikali, na bahati mbaya mtafiti mwenye karatasi ya maswali anafanana na serikali kabisa. Hiyo tofauti ni kubwa sana kwa kazi yetu, juu inamaanisha mtu huyo huyo angekupa ukweli kama ungemuuliza swali lisilomweka yeye hatarini. Muulize "unaona majirani zako wengi watampigia nani?" Hapo hajasema lolote juu yake mwenyewe, na atafunguka.

Au muulize juu ya unga. Hili nalisisitiza kwa sababu naona ndilo lilikuwa wazi zaidi ya yote na lilipewa nafasi ndogo. Julai 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 8.3, pakiti ya kilo mbili imepita shilingi 200, watu wameanza kununua unga wa kupima kwa kopo. Julai 20, chini ya wiki tatu kabla ya kura, serikali ikatangaza ruzuku, pakiti iuzwe 100. Kwa karatasi hiyo ni habari njema kwa mgombea anayeungwa mkono na rais. Lakini watu walienda dukani wakakuta rafu hazina kitu, au unga uko na bei ni ile ile ya zamani, na hasira niliyokuwa nasikia baada ya lile tangazo ilikuwa kali kuliko ile ya kabla yake, manake kabla mtu alikuwa anaumia tu, sasa anaumia na amedanganywa. Yule aliyekataa katakata kukutajia mgombea angekueleza mambo ya unga dakika kumi bila kupumua. Mama mboga aliyeambiwa na kambi ya Ruto miaka kadhaa kwamba hii ni vita ya mahasla, watu wa kujitafutia, na madainasti, familia za watawala, ukimsikia anaongea bei ya mafuta ya kupikia kwa hiyo sauti, hauhitaji tena kumuuliza anaenda wapi.

Jambo lingine la zile siku ni hofu, na hapa naomba wale ambao hawakuwa Kenya 2007 na 2008 wanivumilie. Kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, waliouawa walizidi 1,100, waliofukuzwa makwao ni mamia ya maelfu, Eldoret, Nakuru, Naivasha, Kisumu, Kibera. Hiyo haijawahi kutoka kwa watu. Kila Agosti ya uchaguzi unaona steji za mabasi Nairobi zimejaa, nauli imepanda, watu wanapeleka watoto ushago, wengine wanajaza unga, mafuta na maji nyumbani kana kwamba wanajiandaa kufungiwa ndani. Mtu anaweza kukwambia uchaguzi utakuwa na amani, na hapo hapo amekata tiketi ya Jumamosi.

Sasa hofu hiyo inagusa kura moja kwa moja na ni kitu watu hawafikirii. Kenya unapigia mahali ulipojiandikisha, ile mashine ya KIEMS ya kutambua wapiga kura inakusoma kidole na kama jina lako liko kituo kingine hakuna la kufanya. Aliyejiandikisha Embakasi halafu wiki ya mwisho akatorokea Siaya kwa usalama, kura yake imebaki Embakasi. Kwenye data yangu huyo ni "hakika nitapiga kura", ana mgombea, ana kitambulisho, amejibu kila swali kwa moyo mmoja. Na hakupiga.

Halafu ongeza waliokata tamaa. 2017 Chris Msando, aliyekuwa anasimamia mitambo ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais Septemba 1, uchaguzi ukarudiwa Oktoba 26 na upinzani ukasusia. Kwa hivyo 2022, wakati raia wa Venezuela walikamatwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta mwezi Julai wakiwa na stika za uchaguzi, kuna watu hawakungoja maelezo ya mtu yeyote. Walisema imeshaibwa, mimi Jumanne nitalala. Na neno hilo lilikuwa linatoka pande zote mbili.

Jioni ya kuamkia kura nayo, tume ikatangaza kwamba uchaguzi wa gavana Mombasa na Kakamega umeahirishwa, juu karatasi za kura zilikuwa na makosa. Azimio walilalamika kwamba hiyo ilipunguza watu wao vituoni, Mahakama ya Juu baadaye ikasema hakuna ushahidi wa hilo. Mimi sibishani na mahakama. Nasema tu kama mtu wa maoni kwamba Wakenya wengi huamka saa tisa usiku kupanga foleni kwa ajili ya gavana na MCA wao, yaani mwakilishi wa wadi, urais ni nyongeza, na ukiondoa gavana umeondoa sababu ya wengine kuamka. Mombasa waliojitokeza hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Bomet na Kericho, ngome za Ruto, walikaribia asilimia 80.

Nchi nzima ilikuwa karibu asilimia 65, kutoka karibu 86 mwaka 2013. Waliojiandikisha walikuwa 22,120,458. Ruto alipata 7,176,141, Raila 6,942,930, tofauti 233,211, na Ruto alivuka ile nusu ya kikatiba kwa kura kama 70,000 tu. Waliojiandikisha wakabaki nyumbani ni zaidi ya milioni 7.7. Ni wengi kuliko waliomchagua mshindi. Hilo naliona ndilo jambo kubwa kuliko yote ya uchaguzi ule, na swali la "ungempigia nani" haliligusi hata kidogo.

Kwa hivyo kuelekea Agosti 2027, hivi ndivyo ningetaka tufanye sisi wa kazi hii. Tukichapisha, "siwezi kusema" itenganishwe na "sijaamua", na kila moja ionyeshwe kwa eneo, manake asilimia nane ya kimya iliyotawanyika nchi nzima si sawa na asilimia nane iliyokaa kaunti kumi za mlima. Tuulize umejiandikisha kituo gani na Jumanne ya kura utakuwa umelala wapi. Tuulize 2022 ulipiga kweli, na kama hukupiga ni nini kilikuzuia. Tuulize majirani. Na maswali ya unga, karo na kazi yatangulie, jina la mgombea lije mwisho kabisa, mtu akiwa ameshazoea sauti yako.

Na wewe msomaji ukipigiwa simu, kukataa ni haki yako na hakuna mtafiti wa maana atakulazimisha. Sema tu wazi "nimeamua lakini sisemi". Hayo maneno matatu yanatusaidia sana kuliko "sijaamua", juu tunajua wapi pa kuyaweka.