Je, wajua? Joto likitulia mno kwenye tanuri la moshi la umeme, moshi hukatika

Je, wajua kwamba tanuri la moshi la umeme linaweza kushika joto lile lile kwa saa 6, bila kuyumba hata nyuzi mbili, na bado nyama ikatoka haina harufu ya moshi? Na kwamba tanuri hilo hilo, likitumia themostati ya kizamani inayoliacha joto lipande na kushuka, hutoa nyama iliyokolea moshi hadi ndani ya mikunjo?

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu lisilo sahihi. Niliamini kuyumba kwa joto ndiyo kasoro kubwa ya matanuri haya, na kwamba joto likitulia kila kitu kingine kitajipa. Nikafunga kidhibiti joto cha nje. Siku ya kwanza, kidhibiti kilipokuwa kinajipima chenyewe ili kulizoea tanuri, moshi ulitoka kwa wingi. Siku ya pili ulitoka kama nusu saa hivi, ukakatika. Baada ya saa 4 nilivuta trei ya vibanzi vya mbao nikaitazama. Vibanzi vilikuwa vimegeuka kahawia upande wa chini, kama mkate uliopitiwa na moto kidogo, lakini juu vilikuwa vyeupe vile vile. Nilipokivunja kimoja kilitoa harufu ya karakana ya seremala, si ya moshi.

Nikadhani mbao ni mbichi, nikabadilisha. Nikadhani mlango unavuja, nikaubana. Nikadhani kihisi joto kinadanganya, nikakipima kwenye maji yanayochemka na kwenye maji ya barafu, kikasema kweli mara zote mbili. Kidhibiti hakikuwa na ubovu wowote. Kilikuwa kinafanya kazi yake kwa ufasaha, na ufasaha huo ndio uliokuwa unaunyima moshi nafasi.

Kwa asiyelijua, tanuri la moshi la umeme ni kabati la chuma lenye koili ya umeme chini, trei ya vibanzi vya mbao juu ya koili hiyo au kando yake, na rafu za kupangia nyama au samaki. Koili moja hubeba kazi mbili kwa wakati mmoja: kupasha hewa ya kabati na kuchoma mbao. Kazi hizi mbili zinadai joto tofauti kabisa. Hewa ya kupikia nyama kubwa taratibu huwekwa kwenye nyuzi joto 107 za Selsiasi au karibu na hapo. Mbao, kwa upande wake, huanza kuvunjika kwa wingi ikishapita nyuzi 200. Kati ya viambata vya mbao, inayotangulia ni haemiselulosi, inafuata selulosi ikikaribia na kupita nyuzi 300, na lignini huvunjika polepole katika mawanda mapana. Lignini ndiyo inayotoa gwayakoli na siringoli, kemikali ambazo ulimi na pua huzitambua kuwa ladha ya moshi. Kwa hiyo trei lazima iwe na joto kali kupita hewa inayoizunguka, tena kwa mbali sana.

Kosa la kwanza ambalo wengi wetu huanza nalo ni kukifikiria kidhibiti kama bomba la maji: ukikifungua zaidi, joto linatoka kwa nguvu zaidi. Koili ya wati 800 ni ya wati 800 tu. Ukiweka kidhibiti kwenye nyuzi 150 badala ya 107 ili tanuri liwahi kupata moto, haliwahi hata dakika moja, maana katika hali zote mbili koili inawaka kwa asilimia 100 tangu mwanzo. Unachobadilisha ni mahali pa kusimama. Kidhibiti ni swichi yenye macho. Kinatazama kihisi, kinawasha au kinazima. Akili yake yote iko katika kuchagua wakati wa kuwasha na muda wa kuacha umeme upite.

Themostati ya kizamani ina akili ya aina moja: joto likishuka chini ya kiwango, washa, likipanda juu yake, zima. Huchelewa kwenda na huchelewa kurudi, kwa sababu chuma cha koili hubaki na moto hata baada ya umeme kukatwa, na hewa ya moto huchukua muda kukifikia kihisi. Ndiyo maana joto hupita kiwango, likarudi chini yake, likapita tena. Kidhibiti cha aina ya PID (kifupi cha Kiingereza cha proportional, integral, derivative), kama nilichofunga mimi, hutazama mambo matatu kwa pamoja: kosa lililopo sasa hivi, makosa yaliyojilimbikiza tangu awali, na kasi ambayo kosa linabadilika. Fikra hii ilizaliwa baharini. Mhandisi Nicolas Minorsky aliwatazama mabaharia wakishika usukani, akaona kwamba baharia mzoefu hasubiri mpaka chombo kipinde ndipo augeuze. Hutazama jinsi kinavyoanza kuelekea upande, na hukumbuka kwamba mkondo umekuwa ukikisukuma kwa muda. Mwaka 1922 alichapisha hesabu zake, na mfumo wake ukajaribiwa kwenye manowari New Mexico ya Marekani. Kidhibiti kinachokaa kiganjani leo, kikisimamia kabati la nyama, kinapiga hesabu za ukoo ule ule. Kwangu hilo halijawahi kuzoeleka.

Sasa tufike kwenye moshi wenyewe. Chukua ndoo yenye tundu dogo chini. Maji unayomimina ni umeme unaoingia kwenye koili, maji yanayovuja ni joto linaloondoka kwenda kwenye hewa ya kabati, na kimo cha maji ndani ya ndoo ni ukali wa joto la koili. Karibu na mdomo wa ndoo, ndani, umebandika kitambaa kikavu. Kitambaa hicho ndicho vibanzi vya mbao: hakilowi mpaka maji yakifike.

Ukimimina jagi zima kwa mkupuo, kimo kinapanda haraka, tundu halijawahi kuyapunguza, na kitambaa kinalowa chepechepe. Kisha unaacha, maji yanavuja hadi chini, unamimina jagi jingine. Ndivyo themostati ya kizamani inavyofanya kazi. Sasa chukua maji yale yale, kwa jumla ile ile ya saa nzima, uyamimine kama uzi mwembamba usiokatika. Kimo kinapanda kidogo, kinafika mahali ambapo kinachoingia ni sawa na kinachovuja, kinatulia hapo. Utamimina mchana kutwa na kitambaa kitabaki kikavu. Maji ni yale yale. Kilichopotea ni kilele.

Tuseme kabati lako, likishapata moto, linahitaji wastani wa wati 200 tu ili kubaki kwenye nyuzi 107, na koili ni ya wati 800. Themostati ya kizamani inaweza kuiacha koili iwake dakika 4 mfululizo na kuizima dakika 12. Katika dakika zile 4 koili inakuwa nyekundu, trei inaungua, mbao zinafuka. Kidhibiti cha PID chenye mzunguko wa sekunde 2 huiwasha kwa nusu sekunde na kuizima kwa sekunde moja na nusu. Chuma hakiwezi kufuata mapigo ya haraka hivyo, kwa hiyo koili inakaa kama vile ni ya wati 200 tangu ilipotoka kiwandani. Vibanzi vinakauka, vinageuka kahawia, basi.

Ukishauelewa uzi huu, mambo mengi yaliyokuwa fumbo yanafunguka. Moshi hutoka vizuri mwanzoni kwa sababu tanuri bado ni baridi na koili inawaka bila kupumzika. Hurudi kwa muda ukifungua mlango au ukiingiza nyama baridi. Hutoka kwa wingi wakati kidhibiti kinajipima, kwa sababu vingi hujipima kwa kuwasha na kuzima koili kwa mapigo marefu makusudi ili kuona tanuri linaitikaje. Siku yangu ya kwanza ilikuwa hiyo. Na kuna hili ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria: siku ya baridi na upepo, tanuri lile lile katika kiwango kile kile hutoa moshi mwingi kuliko siku ya joto, kwa sababu kabati linapoteza joto zaidi na koili inalazimika kufanya kazi zaidi. Kabati lililozibwa vizuri sana, lenye kuta nene, huwa bahili wa moshi kwa sababu hiyo hiyo.

Bila shaka hili hutegemea umbo la tanuri. Trei inayogusa koili hupata moto kuliko iliyoning'inizwa juu yake. Vibanzi vyembamba hushika haraka kuliko magogo madogo. Na mbao ikishashika kaa lenyewe na kupata hewa, huendelea kufuka hata umeme ukipungua, ingawa kwenye trei yenye mfuniko na hewa finyu kaa hilo hufa upesi.

Je, kuyumba kwa joto kunaiharibu nyama? Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Kipande kinene cha nyama hakijui kwamba hewa ilipanda nyuzi 8 kwa dakika 5 kisha ikashuka. Joto hupenya ndani yake polepole mno, na mawimbi hayo hufutika karibu na ngozi. Kinachoipika ni wastani. Faida kubwa ya kidhibiti ni wastani ulio sahihi, maana kitufe cha kuzungusha cha matanuri mengi huonyesha tarakimu zisizolingana na joto la pale nyama ilipo. Mstari ulionyooka kwenye kioo unapendeza macho, lakini kwa nyama kubwa hauna uzito niliokuwa ninaupa.

Kwa soseji na samaki mambo ni mengine. Hewa ikipita nyuzi 80 kwa muda, mafuta ya soseji huyeyuka na kuvuja, na ndani hubaki makavu kama makapi. Hapo kidhibiti kinalipa gharama yake yote. Lakini kiwango kikiwa chini hivyo koili inahitaji umeme kidogo zaidi, na moshi unazidi kukosekana. Vyakula vinavyokihitaji kidhibiti kuliko vyote ndivyo kinavyovinyima moshi kuliko vyote.

Njia moja ya kuurudisha moshi ni kurefusha mzunguko wa kidhibiti kutoka sekunde 2 hadi dakika nzima au zaidi, ili koili ipate muda wa kuwaka kweli kweli kabla ya kuzimwa. Joto litayumba kidogo, na sasa unajua kwamba si hasara. Njia ninayoitumia mimi kwa soseji ni kuzitenganisha zile kazi mbili. Natumia bomba la chuma lenye matundu, lililojazwa punje za mbao zilizoshindiliwa, nikaliwasha upande mmoja, nikaliacha liwake hadi lishike kaa, nikaupuliza mwali uzimike na kulilaza sakafuni mwa kabati. Linafuka lenyewe kwa saa kadhaa bila kujali kidhibiti kinasema nini.

Kwa anayetaka kufunga kidhibiti cha nje, mawili ya muhimu. Kama tanuri lina themostati ya kuzungusha, ipeleke hadi mwisho wa juu, la sivyo itashindana na kidhibiti. Kama lina kioo cha kidijitali, mara nyingi halitajiwasha tena umeme ukikatwa na kurudishwa, kwa hiyo kidhibiti kinachokata umeme kwenye soketi hakitafaa, na kulibadilisha nyaya ni kazi ya fundi umeme. Mwambie fundi akiache mahali pake kikata joto cha usalama, kile kinachokata umeme joto likizidi. Rilei (swichi za umeme) zisizo na sehemu zinazocheza, ambazo PID nyingi huzitumia, zikifa mara nyingi hufa zikiwa zimeshika, na koili huendelea kuwaka ingawa kidhibiti kimeamuru izimwe.

Kihisi kining'inize usawa wa rafu ya nyama, vidole vitatu hivi kutoka kwenye nyama yenyewe. Kikiigusa, kitasoma ubaridi wake na kuidai koili moto usiohitajika. Moshi utapatikana kwa wingi, ila soseji zitakuwa zimeshavuja mafuta.