Mtoto Anakwenda Kambi ya Likizo: Maswali ya Wazazi wa Dodoma

Shule zikifungwa mwezi Juni, watoto wengi wa Dodoma huenda kambini: za skauti, za kanisa, za madrasa. Wazazi huuliza haya.

Nihofie nini zaidi, nyoka?
Wengi huanza na nyoka. Mimi ningeanza na maji, kwa sababu huku ni kukavu na kambi nyingi hutegemea boza au kisima. Uliza maji ya kunywa yanachemshwa mpaka yatokote au yanawekewa dawa, na kama yanakaa kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Watoto wakichota kwa vikombe vyao, kazi yote imeharibika.

Kisha nenda chooni ukaangalie kibuyu chirizi. Ni dumu la lita 5 lililotobolewa, linaning'inia mtini, na kamba yake imefungwa kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtoto anakanyaga, maji yanachirizika, mikono haigusi dumu. Sabuni ining'inizwe pembeni. Tazama kama dumu lina maji kweli; kavu ni pambo tu. Hapo hapo wanawe na uso, na kila mmoja awe na taulo lake, maana vikope, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, vimewasumbua sana watu wa mkoa huu, Kongwa hasa.

Akianza kuhara?
Apewe ORS, unga wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita 1 ya maji salama, na zinki. Akitapika kila kitu, akilegea, macho yakizama, au choo kikiwa na damu au kama maji ya mchele, ni kituo cha afya mara moja.

Chakula je?
Uliza unga umetoka wapi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu iliyokuwa kwenye mahindi. Kupika hakuiondoi.

Mwanangu ana selimundu (siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi). Aende?
Anaweza, ukiwaambia viongozi kila kitu, tena kwa maandishi. Baridi, kiu na uchovu vinaweza kumwamshia maumivu makali, na usiku wa Juni hapa ni wa baridi kweli. Mpe sweta, soksi na blanketi la ziada. Andika kwamba anaruhusiwa kunywa maji na kupumzika wakati wowote, kwa sababu mtoto wa miaka 10 hawezi kubishana na kiongozi wa gwaride. Akipata homa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, wasingoje kukuche. Mwenye pumu naye abebe dawa yake ya kuvuta. Vumbi la msimu huu halina huruma.

Baridi hiyo isiwafanye waingize jiko la mkaa bwenini au kwenye hema. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, na huua watu wakiwa usingizini.

Na nyoka sasa?
Tochi usiku, viatu vikung'utwe asubuhi kwa ajili ya nge. Aliyeumwa alazwe, kiungo kifungwe ubao kisitikisike, gari liondoke kwenda hospitali. Wasikate, wasinyonye, wasikaze kamba, wasipoteze muda na jiwe la nyoka.

Akirudi niangalie nini?
Homa yoyote wiki zinazofuata, akapimwe malaria. Pia msikilize. Akikataa ghafla kumtaja au kumkaribia mtu mzima fulani wa kambi, muulize kwa upole, faraghani, bila kumkaripia. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, na kupiga ni bure.