Genge la barafu sio mlima wa barafu jamani

Juzi niko saluni hapa Masindi, Uganda, nanyolewa, TV inaonyesha Antaktika, jamaa mmoja anasema "cheki mlima wa barafu", mwenzake anamkatalia eti hapana hiyo ni aisibagi, lile pande la barafu la baharini, ile ilizamisha Titanic. Wote wamekosa. Pale juu kuna uwanda, chini kuna nchi imeshuka, katikati barafu imekatika kama ukuta mrefu. Hilo ni genge la barafu. Maana ndio hiyo tu.

Shida ni neno lenyewe, ukisema genge mtu anawaza wezi ama kibanda cha nyanya. Genge hili ni lile la ardhi iliyokatika ghafla. Na barafu nayo ina mambo, kwa Waajemi barf ni theluji, sisi tukaifanya kile kitu kigumu cha kwenye friji halafu theluji tukaenda kuichukua kwa Waarabu. Lakini kwa Antaktika hata maana ya Waajemi haijakosea, kwa sababu barafu yote ile ilianza kama theluji, inaanguka juu ya nyingine miaka maelfu na maelfu mpaka ya chini inagandamizwa inakuwa ngumu.

Kinachoniudhi ni hiyo "mlima". Toka hapa Masindi uende Butiaba, unatembea tambarare tu, hakuna kupanda popote, mara barabara inaanza kushuka na Ziwa Albert liko chini kabisa. Umeshuka mlima gani na hukuupanda? Genge lina uso mmoja, nyuma yake ni uwanda. Sasa huko Antaktika milima ya Transantarctic, karibu kilomita 3,500 toka mwisho hadi mwisho, imezuia barafu ya mashariki kama bwawa, na ncha ya kusini ya dunia yenyewe iko juu ya huo uwanda, mita 2,835 juu ya bahari, nyingi yake ni barafu tupu. Palipo na ngazi ya mwamba chini barafu inaifunika inashuka kwa ghafla, ndio genge. Palipo na mlango kati ya milima inapita polepole kama mto, hiyo ni barafuto, mfano Beardmore ambayo yule mvumbuzi Shackleton aliipanda 1908. Barafuto ni njia, genge ni ukuta.

Na aisibagi inaelea baharini ssebo, ile ya saluni ilikuwa imekaa nchi kavu. Mlima wenye barafu tunao wetu, Rwenzori, Margherita mita 5,109, hiyo "mlima" peleka Kasese, mji ulio chini yake.