COX-2 kwenye figo: yanayosemwa na yaliyo kweli

“COX-2 ni kimeng'enya cha maumivu na uvimbe tu. Kukizima kwa dawa za maumivu hakuna hasara.”

Hii ndiyo dhana inayoumiza figo nyingi, na ina asili yake. COX-2 kilipotambuliwa mwaka 1991, kilionekana kuongezeka katika seli zilizochokozwa, huku ndugu yake COX-1 akipewa sifa ya kufanya kazi za kila siku za mwili. Wengi wakahitimisha kwamba mmoja ni mwema na mwingine mchokozi.

Kwenye figo mgawanyo huo haushiki. Figo isiyo na jeraha wala maambukizi hutengeneza COX-2 wakati wote, hasa katika seli za makula densa, zinazopima chumvi ndani ya mrija wa figo, na katika seli za sehemu yake ya ndani. Panya wakinyimwa chumvi, COX-2 cha makula densa huongezeka, nacho husaidia kutoa renini, kimeng'enya cha figo kinacholinda shinikizo la damu.

Kimeng'enya hiki pia huchangia kutengeneza prostaglandini, kemikali za mwili ambazo hulegeza kimshipa kinachoingiza damu kwenye chujio la figo. Figo hupokea karibu asilimia 20 ya damu inayosukumwa na moyo na kuchuja kutoka humo takriban lita 180 za majimaji kwa siku. Mtu akiharisha sana, akitapika, au moyo wake ukidhoofika, mwili hubana mishipa ili shinikizo lisishuke. Hapo prostaglandini ndizo huzuia kimshipa hicho kisibanwe kupita kiasi. Ukizizima kwa vidonge vya maumivu saa hiyo hiyo, chujio hukosa damu na kreatinini, taka ambayo figo huiondoa katika damu, hupanda ndani ya siku chache. Mara nyingi figo hurudia hali yake dawa ikiachwa mapema, na ndiyo maana kuchelewa kunanisikitisha sana.

“Selekoksibu haisumbui tumbo, basi haisumbui figo.”

Tumbo hulindwa zaidi na COX-1, ambacho selekoksibu, dawa ya maumivu inayolenga COX-2, hukigusa kidogo. Figo hutegemea vyote viwili. Kwa hiyo selekoksibu, sawa na ibuprofeni na diklofenaki, inaweza kubakiza chumvi na maji mwilini, kuvimbisha miguu, kupandisha presha na kuongeza potasiamu katika damu.

“Kama ni hivyo, asiyeumwa figo naye asizimeze dawa hizi kabisa.”

Hapana. Kwa mtu mwenye afya na maji ya kutosha mwilini, dozi ndogo ya siku chache haina hatari kubwa. Wa kuogopewa ni mzee, mwenye moyo dhaifu au ini lililosinyaa, mwenye ugonjwa sugu wa figo, na zaidi anayetumia kwa pamoja dawa ya presha ya kundi la enalaprili au losatani na dawa ya kukojosha maji. Kidonge cha maumivu kikiwa cha tatu juu ya hizo mbili, figo hubaki bila kinga. Mjamzito, kuanzia wiki ya 20, asizitumie bila daktari: zinaweza kudhoofisha figo za mtoto aliye tumboni, na maji yanayomzunguka yakapungua.

“COX-2 huongezeka figo ikiumwa, kwa hiyo kukizima ni tiba.”

Wazo hili lina msingi. Panya walioondolewa sehemu kubwa ya figo walivujisha protini pungufu kwenye mkojo walipopewa dawa za kuzima COX-2. Lakini kwa binadamu haijawa tiba. Mwenye ugonjwa sugu wa figo bado huambiwa akae mbali na dawa hizi, kwa sababu vichujio vichache alivyobakiwa navyo vinahitaji damu ile ile ambayo prostaglandini huvipelekea.